Visa ya shemeji na mabegi ya Januari

Jana saa tano usiku shemeji, wakala wangu wa mizigo, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Guangzhou, China. Kule ilikuwa saa kumi alfajiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Shem, kibali bado. Wameniambia nirudi Jumatatu. Ile hela ya pili usiitume kwanza, tusije tukalipia mzigo halafu akakosekana wa kuupokea." Nikausikiliza mara tatu. Kisha nikawasha taa, nikachukua daftari la oda na kalenda, nikaanza kuhesabu siku kurudi nyuma kuanzia Januari.

Nauza mabegi Kariakoo. Fremu yangu iko Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya chini, upana wake hatua sita, na nimo humo tangu 2009. Miezi mingi ya mwaka nauza mikoba ya akina mama, lakini kinachonilisha ni mabegi ya shule. Kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zikishafunguliwa Januari, ninauza kuliko miezi minne mingine ukiijumlisha. Januari ikiharibika, kodi ya fremu ya mwaka unaofuata nailipa kwa kukopa.

Hesabu ya usiku wa jana ilikwenda hivi. Kiwanda kiko Shiling, mji wa mabegi katika wilaya ya Huadu, kaskazini mwa Guangzhou. Oda yangu ni mabegi 1,800, yaani dazani 150, na wanahitaji kama siku 25 kuyashona. Oktoba mosi hadi tarehe nane, 2025, China nzima iko likizo, kwa hiyo hizo siku nane zitoe. Meli hadi bandari ya Dar nikijaliwa ni mwezi mmoja, mambo yakienda vibaya ni siku 45. Ongeza siku kumi za bandarini na forodha. Kontena lisipofungwa kabla Oktoba haijaisha, mabegi yangu yatafika watoto wako darasani na mama zao wameshayashona yale ya mwaka jana.

Na kontena halifungwi bila shemeji.

Naandika haya kwa sababu tangu Julai 2025, wageni walipokatazwa kuuza jumla na rejareja, mtaa mzima unazungumza habari zao, na kila anayezungumza anamwona mgeni mmoja tu, Mchina aliyesimama kaunta. Mimi mzigo wangu unapita mikononi mwa wageni watatu kabla sijapata faida, na mmoja wao ni Mtanzania. Wasomi wanaita mnyororo wa ugavi. Sisi tunasema njia ya mzigo. Kwangu hiyo njia ni watu, na kila mmoja wao ana karatasi mfukoni yenye tarehe ya kuisha.

Nianze na shemeji. Amemuoa mdogo wangu, na alikwenda Guangzhou akiwa kijana wa kusoma Kichina, akabaki kufanya uwakala. Safari yangu ya kwanza kule ilikuwa 2011. Nilifikia Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi walikuwa wakiishi na kufanyia biashara, na kwenye lifti ya hoteli nikasalimiwa "shikamoo mama" na kijana wa Kigamboni. Sikujua neno moja la Kichina. Shemeji alinizungusha siku sita katika maduka ya ngozi na mabegi upande wa Sanyuanli, jengo kwa jengo, ghorofa kwa ghorofa, hadi nikajua tofauti ya muuzaji mwenye kiwanda na muuzaji mwenye kaunta tu.

Watu hudhani wakala ni mkalimani. Ukalimani simu siku hizi inafanya. Kazi yenyewe iko stoo, siku katoni zinapofika kutoka kiwandani. Nimesimama naye pale, najua anavyofanya. Anachagua katoni mwenyewe, hakubali kuchaguliwa. Anachomoa begi, anavuta zipu mara kumi haraka haraka, kama mtoto aliyesikia kengele ya mapumziko. Analigeuza ndani nje, anaangalia pale mkanda unaposhonewa mgongoni. Anataka kuuona mraba wa uzi wenye msalaba katikati. Akikuta mstari mmoja tu, analiweka pembeni. Yaliyopita hapo anachukua moja, anaingiza chupa sita za maji za lita moja na nusu, kilo tisa, analitundika kwenye msumari na kwenda kunywa chai. Akirudi anapitisha kidole kwenye mshono. Uzi ukiwa umeachia, katoni zote za kundi lile zinarudi kiwandani siku hiyohiyo.

Mwenye kiwanda hamjui mtoto wa Temeke anabeba nini. Hajui madaftari kumi na mawili, chupa ya maji, sweta, na siku nyingine viatu vya mchezo vimefungiwa humohumo. Shemeji anamjua huyo mtoto, maana yeye mwenyewe alikwenda shule na mfuko wa rambo. Hiyo ndiyo bidhaa ninayoinunua kwake kwa ile asilimia yake ndogo, na sijapata kiwanda kinachoiuza.

Akishamaliza kukagua ndipo anapofunga kontena. Mimi siwezi kujaza kontena peke yangu, mzigo wangu ni CBM sita tu, yaani mita sita za ujazo. Kontena la futi 40 tunachangia wafanyabiashara kumi na wawili: kuna wa viatu, wa vyombo vya plastiki, wa mapazia, wa vifaa vya saluni, mmoja anauza taa. Shemeji ndiye anayejua cha nani kikae chini na cha nani kikae juu, na nyaraka zote zinapita kwake. Kwa hiyo ile sauti ya jana usiku haikuja kwangu peke yangu. Kuna fremu kumi na mbili Kariakoo ambazo Desemba yake inasubiri muhuri mmoja katika ofisi ya watu wengine.

Tulishawahi kuonja maana ya muhuri huo. Aprili 2020 Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wakiishi, kwa hofu ya korona, wakiwemo wenye vibali halali na ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Mabalozi wa nchi zetu waliiandikia barua wizara ya mambo ya nje ya China. Shemeji alikuwa mmoja wa waliotolewa. Mwenye nyumba alimgongea jioni akamwambia akusanye vitu vyake. Mdogo wangu hapa Dar alikaa siku mbili hajamsikia, simu inaita tu, na mimi nilikuwa naye sebuleni siku hizo mbili, tunakunywa chai inayopoa. Alipopatikana alikuwa amehifadhiwa na rafiki, hawezi kutoka nje.

Mzigo wangu ulikuwa stoo yake: katoni 62 za mikoba ya Idi. Mwaka ule Idi el-Fitri iliangukia mwishoni mwa Mei. Mikoba ilikuwa imekaguliwa, imelipiwa, imeandikwa jina langu kwa wino mweusi, na hapakuwa na mtu wa kwenda kufungua mlango. Ilifika Agosti. Naona aibu kusema kwamba baada ya kushukuru shemeji yuko hai, jambo la pili nililowaza ni zile katoni, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nadhani mwenzangu yeyote wa Kariakoo ananielewa.

China ilikuwa imefunga mipaka kwa wageni mwishoni mwa Machi 2020, na haikufungua sawasawa hadi Januari 2023. Karibu miaka mitatu. Shemeji alipopata ndege alirudi nyumbani, akawa hapa anauza chipsi na mke wake pale Mbagala huku moyo uko Shiling. Mimi nikaendelea kuagiza kwa simu. Natumiwa picha, naona begi zuri, nalipa.

Mabegi ya Januari 2022 yaliletwa hivyo. Yalikuwa 720. Wiki ya pili ya shule akaja mama mmoja na binti yake wa darasa la tatu. Binti amekumbatia madaftari kifuani kwa mikono miwili, na mama ameshika begi kwa mkanda mmoja, ule mwingine unaning'inia. Nikaligeuza ndani nje pale kaunta. Mstari mmoja. Nikavunja katoni nyingine, mstari mmoja. Tulipomaliza kuhesabu stoo na yaliyorudishwa, mabegi 214 yalikuwa yameshonwa hivyo. Yule mama nilimpa jingine lililo zima, na wote waliorudi baada yake nikawapa, hadi faida ya msimu ikaisha na mtaji ukaguswa. Katika kiwanda kilekile, kwa bei ileile. Kilichopungua ni mtu mmoja na msumari wake.

Sasa nije kwa mgeni wa pili, ambaye ndiye watu wanapenda kumsikia.

Tulimwita Jirani. Dada wa Kichina, wa umri wangu, alichukua fremu inayotazamana na yangu 2017. Mwanzo aliuza jumla tu, katoni kwa katoni. Kaka yake ana karakana ya kushona mabegi hukohuko China, mkoani Guangdong, ulipo mji wa Guangzhou. Alijifunza Kiswahili cha kuhesabu kwanza, kikafuata cha kubishana bei, na mwisho cha kusalimia. Kwenye daftari lake la wadeni mimi sikuandikwa jina, alichora mtandio.

Hadi 2020 tuliishi vizuri. Baada ya hapo mambo yakageuka, na mimi nimelifikiria sana hili kwa sababu lilinigharimu. Watu wanasema Wachina wametushinda kwa bei. Ni kweli, lakini bei ile ilitoka wapi? Katika miaka ile mitatu ambayo mimi sikuweza kupanda ndege na shemeji yangu hakuweza kurudi kule, Jirani hakuhitaji kupanda ndege. Shemeji wake alikuwa kwao. Kaka yake alisimama juu ya cherehani kila siku, akachagua uzi, akafunga kontena zima la familia, bila wakala, bila kuchangia na mtu, bila katoni kurudi. Mimi nikiuza begi bovu kwa shilingi 15,000 jumla, yeye anauza zuri mojamoja kwa 13,000. Mawinga, wale wanaoleta wateja madukani, wana macho. Wakaanza kuwapitisha wateja mlangoni kwangu bila kusimama.

Sheria ya visa ya China, iliyoandikwa kwa sababu ya ugonjwa, ilimpa Mchina wa Kariakoo nguvu juu yangu ndani ya mtaa wangu. Sijasikia mtu akiliweka hivyo kwenye mikutano yetu, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Niliumia, sifichi. Kumwona mtu anauza rejareja, begi mojamoja, kazi ambayo binti yangu angeweza kuifanya, kuliniuma kila asubuhi nikifungua geti. Na si begi tu. Alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi mwenye nyumba akaja na kwangu akitaka vivyo hivyo, na kilemba cha fremu mtaani, ile hela ya kuachiwa nafasi, kikapanda hadi vijana wetu wakakimbilia ngazini na vichochoroni. Hilo ni dai la kweli na nitalisimamia popote.

Lakini 2022 hiyohiyo, mtaji ukiwa umepukutika kwa yale mabegi 214, aliyenipa mali kauli, mzigo kwa mkopo wa neno tu, ni yeye. Dazani arobaini. Hakuniandikisha wala hakutaka dhamana. Alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akachora mtandio kwenye daftari, akasema "Jumamosi". Nikauza Morogoro na Ifakara kwa wateja wangu wa zamani, Jumamosi nikampelekea fedha, akanipa nyingine. Miaka mitatu fremu yangu ilisimama kwa nusu mzigo wake na nusu wangu. Wenzangu wengi mtaani walifanya hivyo, hata waliokuwa mbele kwenye kulalamika.

Mgeni wa tatu ni mteja. Nilikuwa na mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo, tangu 2013. Mimi namwita Maman, yeye ananiita yaya, kwao ni dada mkubwa, ingawa amenizidi miaka. Alikuja mara tatu kwa mwaka kwa basi, akipitia Tunduma na Zambia yote hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, halafu mzigo wake ukimfuata kwa lori. Dazani sitini, sabini, mara moja mia. Yeye na wenzake wa Lusaka na Lilongwe ndio Kariakoo yenyewe. Mtu wa Dar ananunua begi moja. Maman akinunua, kuna darasa zima kwao Katanga linavaa mabegi yangu.

Mwaka 2023 alisimamishwa njiani, gari likakaguliwa, risiti zikatakiwa, moja ikaonekana haina maelezo ya kutosha, na mzigo ukakaa siku mbili na yeye amelala juu yake. Hakuwa na kosa, aliachiwa. Lakini aliponipigia alisema, "Yaya, minaogopa njia." Mei ya mwaka ule ndipo tulipofunga maduka, kuanzia tarehe 15, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Tulilia kamatakamata, tulilia kodi za stoo, tulilia wateja wetu wa nje wanaosumbuliwa barabarani. Juni 2024 tukafunga tena. Mambo mengine yalirekebishwa na nashukuru. Maman hakurudi. Siku hizi ananunua Lusaka, na sidhani kama analipa nafuu kule, ila hahitaji kulala barabarani.

Ona jambo lile lilivyosafiri. Maman alikuwa theluthi ya mauzo yangu. Bila yeye oda yangu ikashuka. Kiwanda cha Shiling hakishoni chini ya mabegi 300 kwa rangi moja, basi kutoka rangi nane nikaenda nne, kisha tatu. Wateja wa Dar wakaja wanataka zambarau na pinki, wakakuta bluu na nyeusi, wakavuka upande wa pili kwa Jirani. Asilimia ya shemeji nayo ikapungua, akapunguza msaidizi. Mwanamke mmoja amezuiliwa siku mbili barabarani kusini mwa Tanzania, na msaidizi huyo, kijana wa mkoa wa Hunan aliyekuwa akifunga katoni Guangzhou, akakosa kazi.

Na huyo kijana naye ni mgeni pale. Wanaoshona mabegi Guangdong wengi wametoka mikoa mingine, na Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia wanarudi makwao, viwanda vinalala wiki kadhaa. Kila mwagizaji anaijua hiyo kalenda kuliko ya kwao.

Mwishoni mwa Julai 2025 likatoka tangazo la Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo. Biashara 15 wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya: jumla na rejareja ukiacha maduka makubwa ya supamaketi na wauzaji maalumu wa jumla wa viwanda vya ndani, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, viwanda vidogo na nyinginezo. Faini inaanzia milioni 10, jela hadi miezi sita, visa na kibali vinafutwa. Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa, milioni tano au miezi mitatu. Siku chache baadaye, Agosti mosi, Rais Samia akazindua kile kituo kikubwa cha biashara Ubungo, zaidi ya maduka 2,000, kilichojengwa na mwekezaji wa Kichina. Kila mtu akasoma habari hizo mbili pamoja na kutoka na tafsiri yake.

Mtaani watu walishangilia. Na mimi nilifurahi, sitaki kujifanya mwingine. Rejareja ya begi moja iwe ya Mtanzania, naunga mkono, na wale walioazima majina ya wenzao kwenye leseni walitudhulumu mchana kweupe. Ingawa Wakenya nao wamo katika katazo, nao ni ndugu zetu wa soko la pamoja tangu 2010, na hilo bado linanikaa vibaya. Fundi aliyenitengenezea simu miaka sita ni Mluhya wa Kakamega, na leo fremu yake ina kufuli.

Jirani aliuza vyote kwa wiki mbili. Kwanza elfu kumi, halafu nane, halafu sita. Wiki hizo mbili sisi wengine hatukuuza hata mkoba, nani anunue kwangu? Akabomoa rafu, akaja kwangu na daftari. Nilikuwa nadaiwa dazani kumi na nne. Nikalipa, akaupiga mstari ule mtandio. Tulishikana mikono. Wasichana wake wawili, Watanzania, walibaki nje wamekaa juu ya katoni tupu. Mmoja nilimchukua.

Kuanzia wiki ya tatu bei ikapanda. Begi la 13,000 leo halipatikani chini ya 17,000 jumla, kwa sababu mzigo uliokuwa ukimiminika kutoka kwa familia zile haupo, na sisi tulioachiwa uwanja hatuna njia ya kuuleta kwa wingi ule. Mali kauli imekufa. Zile dazani arobaini nilizokuwa nazichukua kwa neno sasa ni fedha taslimu natakiwa kutoa mapema, zaidi ya milioni sita, na nimezitoa kikoba kwa riba. Uwanja tumepewa. Mpira uko Guangzhou, na kibali cha anayetupasia kinaisha.

Ninachokiomba ni hiki, na nakiomba kwa moyo wote. Serikali yetu inapokaa na China kuzungumza biashara, na wanakaa mara nyingi, suala la mawakala wetu kule liwe mezani kama yanavyowekwa maparachichi na korosho. Hawa ni watu wachache wenye kazi inayojulikana. Kibali cha miaka miwili au mitatu kwa wakala mwenye rekodi safi kingefanya kwa Kariakoo kuliko tangazo lolote la kumwondoa mtu, maana huwezi kushika rejareja ya bidhaa usiyoweza kuileta. Na barabara ya Tunduma iwe mahali mteja wa nje anapita akijua karatasi anazotakiwa kuwa nazo, zimeandikwa ukutani, basi. Na siku nyingine ukitaka kubadili nani anauza nini, tupeni msimu mmoja wa kujipanga. Agosti ni mwezi wa kuagiza mabegi ya Januari. Aliyepanga tarehe ile hakumuuliza mtu anayeagiza.

Shemeji naye ananiambia jambo ambalo silisemi sana mtaani. Anasema kila video ya Kariakoo inayoonyesha Wachina wakizomewa wanapofunga maduka, wenye nyumba wake kule wanaiona. Jioni moja mzee wa duka la chini alimwonyesha kwenye simu na kumuuliza, kwa upole, "Hapa ndipo kwenu?" Akasema ndiyo. Mzee akarudisha simu mfukoni na kuendelea kupima mchele.

Leo ni Alhamisi. Sampuli ya begi la bluu, ambayo shemeji aliituma na abiria wa ndege wiki mbili zilizopita, imetundikwa nyuma ya kaunta yangu. Yule binti niliyemchukua kutoka kwa Jirani ndiye aliyejaza chupa, sita, na hakuna aliyemfundisha. Kumbe kule kwa Jirani walikuwa wakitumia chumvi ya mifuko. Jana jioni kabla hatujafunga alipitisha kidole kwenye mraba wa uzi, akasema, "Mama, haujaachia."

Hela ya pili iko tayari kwenye akaunti, na wenzangu kumi na mmoja nao wameshikilia zao. Jumatatu ofisi zao zinafunguliwa saa tatu asubuhi. Kwetu ni saa kumi alfajiri. Nitakuwa macho.